Jeni ni ya Ukoo, Kadi ni ya Mtu Mmoja

Fomu ile ilinishinda kisanduku kimoja tu. Jina nilijaza, namba ya uanachama nilijaza, mwajiri na tarehe ya kuzaliwa nikajaza. Kikafuata kisanduku kilichoandikwa "Dalili". Binti wa dirisha la bima aliniona nimesimamisha kalamu, akaniambia kwa upole, "Andika tu unachoumwa, dada yangu." Nikamjibu kwamba siumwi. Akanitazama, akaitazama foleni iliyokuwa nyuma yangu, kisha akauliza, "Sasa bima ikulipie nini?"

Ilikuwa Machi 2025, katika hospitali binafsi moja hapa Dar es Salaam. Nilikuwa nimeomba ruhusa kwenye ofisi ya uwakala wa forodha ninakofanya uhasibu, nikaahidi kurudi kabla ya saa sita. Swali la yule binti halikuwa la dharau. Alikuwa anafanya kazi yake, na mfumo wake haukuwa na mahali pa kuandika nilichokuwa nacho mimi. Nilichokuwa nacho ni mama aliyefariki mwaka 2004 kwa saratani ya titi akiwa na miaka 49, na dada aliyekutwa na ugonjwa huohuo Oktoba 2024 akiwa na miaka 41. Mwilini mwangu hakukuwa na uvimbe wala maumivu. Dalili yangu moja ilikuwa imezikwa Pangani, na ya pili ilikuwa imelala Mbagala Charambe, inatapika kwa ukali wa dawa.

Aliyenifikisha pale dirishani ni daktari wa dada. Alituuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kutuuliza: mama alifariki na umri gani, bibi mzaa mama alikufa kwa nini, wajomba wangapi, mama wadogo wangapi, nani yuko hai. Huku tunajibu akawa anachora nyuma ya karatasi ya maabara, maduara kwa wanawake na miraba kwa wanaume, waliokufa akiwapiga mstari wa mshazari, waliougua akiwajaza wino. Alipomaliza alituambia kwamba saratani nyingi za titi hazirithiwi. Zinazotokana na hitilafu ya kurithi katika jeni, yaani kipande cha vinasaba, ni kama 5 hadi 10 tu katika kila 100. "Ila huu ukoo," akasema, akiigonga ile karatasi kwa kalamu, "ningependa upimwe."

Alisema ukoo. Hakumtaja dada, wala hakunitaja mimi. Neno hilo nimelifikiria sana tangu siku ile, kwa sababu kila mahali nilipokwenda baada ya hapo kutafuta namna ya kulipia, hakuna aliyekuwa na bei ya ukoo. Kila dirisha lilitaka mtu mmoja, kadi moja, ugonjwa mmoja.

Basi nikahama dirisha. La keshi lilikuwa hatua sita tu kutoka lile la bima, na halikuniuliza dalili. Kipimo cha jeni za saratani ya kurithi, jeni kadhaa kwa mpigo, sampuli inasafirishwa nje ya nchi, majibu wiki tatu: laki tisa na nusu. Kwa uzoefu wa kazi yangu nikauliza swali moja zaidi: na kama bima ingekubali, mngeidai kiasi gani? Kijana akabonyeza kompyuta yake, akasema bila kusita, "Kwa bima ni milioni moja na laki sita." Damu ileile, kichupa kilekile, ndege ileile. Nikamwuliza kwa nini. Akanieleza kwamba bima hulipa baada ya miezi, na ikilipa hukata hapa na pale, kwa hiyo bei inawekwa juu ili kinachobaki kitoshe. Nikamwelewa. Mimi mwenyewe huandaa ankara za wateja wanaochelewa kulipa, najua zinavyonenepa. Lakini nilitoka pale na jambo moja lililonikaa kooni. Ile kadi inayokatwa kwenye mshahara wangu kila mwezi, kwa kipimo hiki, ilikuwa na kazi mbili tu: kunikatalia, au kupandisha bei.

Nikaanza kusoma usiku, mume wangu akiwa amelala. Nikakuta kwamba Marekani, ambako vipimo hivi vilizaliwa, mambo yana sura ileile kwa tarakimu kubwa zaidi. Medicare, bima ya serikali yao kwa waliofikisha miaka 65, imeweka zaidi ya dola 1,800 kwa usomaji kamili wa BRCA1 na BRCA2, jeni mbili ambazo zikiwa na hitilafu huongeza hatari ya saratani ya titi na ya ovari. Wakati huohuo zipo maabara hukohuko zinazomuuzia mgonjwa anayelipa mfukoni kwa kama dola 250. Mtu mwenye bima ambayo haianzi kulipa mpaka yeye atoe dola elfu kadhaa za kwanza anaweza kujikuta akilipa zaidi kwa kutumia kadi kuliko angeiacha nyumbani. Sheria yao ya bima ya mwaka 2010 inazibana bima binafsi nyingi zimlipie mwanamke asiyeumwa ambaye historia ya familia yake inatia shaka, bila kumchangisha chochote. Hapo niliwaonea wivu. Lakini Medicare yenyewe, kwa kawaida, humlipia aliyekwisha kuugua na humwacha ambaye bado. Hata kwao kuna kisanduku cha dalili.

Kilichoniuma zaidi ni tarehe. Mama alipokuwa anaumwa, kipimo hiki kilikuwapo duniani. Mwaka 1990 mwanasayansi Mary-Claire King alionyesha kwamba saratani ya titi katika baadhi ya familia inafuata kipande cha kromosomu ya 17, moja ya nyuzi zinazobeba jeni zetu. Jeni yenyewe, BRCA1, ikapatikana mwaka 1994. Ya pili, BRCA2, ikafuata mwaka 1995. Kampuni ya Myriad Genetics ya Utah ikachukua hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi peke yake, ikaanza kuuza kipimo mwaka 1996, na ikazuia maabara nyingine zisikiuze. Bei ikapanda ikapita dola 3,000. Kwa kiwango cha leo, dola moja ikiwa karibu shilingi 2,500, hiyo ni zaidi ya milioni saba na nusu. Mei 2013 mwigizaji Angelina Jolie aliandika katika gazeti la New York Times kwamba anayo hitilafu ya BRCA1 na ameondoa matiti yote mawili, na hakusahau kutaja kwamba bei hiyo ni kikwazo kwa wanawake wengi. Mwezi mmoja baadaye, Juni 13, 2013, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani wakakubaliana kwamba DNA ya binadamu jinsi ilivyo kwa maumbile haiwezi kumilikiwa kwa hataza. Siku hiyohiyo maabara nyingine zikatangaza vipimo vyao, na bei ikaanza kushuka. Ndani ya kichupa hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika ni nani ana haki ya kukifungua.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniambia "kipimo ni ghali kwa sababu ni teknolojia ya juu", simkubalii haraka.

Tulikaa kikao cha familia nyumbani kwa dada baada ya futari, Ramadhani ikiwa ukingoni. Dada alikuwa amejiegemeza kwenye kochi, kitambaa kichwani, hafungi kwa sababu ya matibabu, lakini alisisitiza kwamba lazima watu wafuturu kwake. Nikaeleza nilichojua. Kaka yetu, dereva wa lori la Tunduma, aliposikia neno DNA aliweka chini kikombe cha uji. "DNA ya nini? Mnataka kujua kama sote ni watoto wa mzee?"

Simlaumu. Hapa Dar es Salaam ukitamka DNA, watu wanawaza ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali pale Barabara ya Barack Obama, mtoto wa nani, kesi ya matunzo, magazeti. Sheria ya vinasaba vya binadamu tunayo tangu mwaka 2009, lakini mitaani vinasaba bado ni jina la fumanizi. Wakati huohuo mama jirani yetu wa Charambe aliwapeleka mwanawe na mchumba wake kupimwa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kabla ya ndoa, wakalipa fedha ambayo haikufika elfu hamsini kwa wote wawili, na hakuna aliyeona kwamba wale vijana wamesoma vinasaba vyao. Wamesoma. Selimundu ni herufi moja tu iliyobadilika katika jeni inayotengeneza himoglobini, na katika nchi hii inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo kila mwaka. Kipimo chake ni rahisi kwa sababu swali lake ni fupi, na jibu huonekana kwenye himoglobini yenyewe: badiliko lile lipo au halipo. Kipimo cha dada kilikuwa ghali kwa sababu hatukujua kosa liko wapi, kwa hiyo kitabu kizima lazima kisomwe.

Hapo ndipo dada aliposema neno lililonyamazisha chumba. "Mimi nimeshaugua. Laki tisa na nusu ni dawa yangu ya kuzuia kutapika, ni nauli, ni chakula cha wanangu. Mnanipima mimi ili iweje? Pimeni wazima."

Nilitamani awe sahihi, kwa sababu mimi ndiye mzima mwenye kadi. Lakini daktari alikuwa ametuonya. Ukianza na mzima, na majibu yakawa safi, hujui kama ukoo hauna tatizo au lipo na wewe hukulirithi. Anayeanza ni mgonjwa. Kosa likipatikana kwake, wengine wanatafutiwa sehemu hiyo moja tu, kama mtu anayekwambia neno baya liko ukurasa wa sabini, mstari wa nne. Na maabara ile ilikuwa na utaratibu kwamba ndugu wa damu wakipimwa ndani ya siku 90 tangu majibu ya kwanza, hawalipii kipimo. Kwa hiyo laki tisa na nusu ya dada haikuwa ya dada. Ilikuwa yangu, ya kaka, ya mabinti wawili wa kaka, ya wanangu, ya mama mdogo wa Tanga na wajukuu zake.

Sasa tazama jinsi kadi zilivyokaa. Dada anauza kanga na madera soko la Tandika, hajawahi kuwa na bima. Matibabu yake yote ni keshi. Gharama zilipofika milioni kumi na moja, shemeji aliacha kuandika kwenye daftari. Mimi nina bima, na kadi yangu inawatambua wategemezi. Inamtambua mume wangu, ambaye hana tone la damu ya ukoo wetu. Haimtambui dada yangu, tuliyenyonya titi moja. Hakuna aliyekosea kuandika utaratibu huo. Kwa malaria na kujifungua unafanya kazi vizuri. Lakini kwa ugonjwa unaotembea kwenye damu, unamlinda asiyehusika na kumwacha anayehusika.

Tukachanga. Mwezi uleule ukoo ulikuwa na harusi ya mtoto wa mama mdogo, kadi ya singo elfu sabini, dabo laki na ishirini, na watu walimaliza ahadi zao mapema kabisa. Kwa kipimo cha dada ilinibidi nieleze upya kila siku kwenye kundi la familia. Mtu anauliza, "Kwani ana saratani nyingine?" Mwingine anaandika pole, halafu hatumi. Tumezoea kuchangia kilichotokea, harusi imepangwa au msiba umefika. Kuchangia jibu la swali ni jambo geni kwetu, na sikuweza kuwakasirikia. Baada ya wiki tatu tulikuwa na laki sita na elfu kumi. Gharama nzima, pamoja na kumwona daktari kabla na baada ya majibu, elfu hamsini kila mara, ilikuwa milioni moja na elfu hamsini. Nikaongeza laki mbili na arobaini kutoka kwenye mshahara, na laki mbili dada akakopa kwenye kikoba chake cha sokoni, akisema kama ni lazima aingie kwenye jambo hili basi ataingia na chake.

Daktari alitaka tuelewe jambo moja zaidi kabla damu haijatoka. Majibu yanaweza kuwa ndiyo, yanaweza kuwa hapana, na yanaweza kuwa "tumeona badiliko, hatujui maana yake". Hilo la tatu huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika, kwa sababu hazina za vinasaba wanazolinganishia zimejazwa zaidi na watu wa asili ya Ulaya. Yaani unaweza kulipa bei ileile anayolipa mtu wa London, ukapewa jibu pungufu kuliko lake. Dada alisikiliza, akanyoosha mkono. "Chukueni," akasema.

Majibu yalikuja Mei, na hayakuwa ya tatu. BRCA1, hitilafu inayojulikana. Kwa mwanamke mwenye hitilafu ya jeni hiyo, uwezekano wa kupata saratani ya titi kufikia miaka 80 ni kama 7 katika 10, na ya ovari ni zaidi ya 4 katika 10. Kila mtoto wa mwenye nayo, wa kike kwa wa kiume, ana nusu kwa nusu ya kuirithi. Mpango wa upasuaji wa dada ukabadilika siku hiyohiyo mezani, na daktari akaanza kuzungumzia ovari zake pia. Dada akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Daktari, bibi yangu alikufa tumbo limejaa. Walisema ana mimba, na mumewe alikuwa safarini. Inaweza kuwa hii?"

Daktari akamwomba aeleze zaidi. Bibi alifariki mwaka 1984, miaka kama hamsini. Tumbo lilivimba kwa miezi, akakonda mikono na uso, hali chakula, mwisho akawa hapumui vizuri akilala chali. Daktari alisema hawezi kuapa juu ya mtu ambaye hakumpima, ila saratani ya ovari huweza kujaza maji tumboni kwa namna hiyohiyo, na katika ukoo wenye BRCA1 inawezekana kabisa.

Dada akainama, akalia. Tangu augue sikuwahi kumwona analia.

Niwaeleze kwa nini. Babu yetu alikuwa na wake wawili. Bibi alipovimba tumbo, watu wa Pangani walisema ile ni mimba ya kichawi, na aliyemtupia ni mke mwenzake, Bi Mdogo. Mama alipougua mwaka 2004, habari zikafufuliwa: amemaliza na mama, sasa anamaliza na mtoto. Kwenye arobaini ya mama yetu, watoto wa Bi Mdogo, ambao ni kaka na dada za mama kwa baba mmoja, walifukuzwa uani. Nilikuwa na miaka 15, niliwaona wakiondoka na sahani zao hazijaguswa. Bi Mdogo yu hai. Amepita miaka 80, anaishi peke yake na mjukuu karibu na mto, na hakuna mtu wa upande wetu anayepeleka hata kilo ya sukari.

Nikijumlisha gharama za kutojua, kila mara nafika hapo. Dawa nazijumlisha, nauli nazijumlisha, siku za kazi zilizopotea nazijumlisha. Miaka arobaini ya bibi kizee anayeitwa mchawi sijui niiweke safu ipi.

Siku 90 zikaanza kuhesabika. Mimi nilipimwa wiki ya kwanza. Ile "bure" ilikuwa na elfu kumi na tano ya kutoa damu na elfu themanini ya usafirishaji, lakini kutoka laki tisa na nusu hadi elfu tisini na tano si haba. Nina hitilafu ileile. Niliisoma simuni nikiwa kwenye mwendokasi, kituo cha Jangwani, nikasimama mpaka Kimara mwisho bila kukaa, ingawa viti vilikuwapo.

Kaka alikataa. Hayo ya matiti ni yenu, alisema, mimi ni mwanamume. Nikampeleka kwa daktari kwa kisingizio cha kumsindikiza dada, na daktari akamweleza taratibu kwamba mwanamume huibeba na kuipitisha kama mwanamke, kwamba mabinti zake wawili wanaweza kuwa nayo ingawa mama yao hana lolote. Akanyamaza njia nzima ya kurudi. Siku ya 83, saa moja kasoro asubuhi, alinipigia simu kutoka getini kwa ile hospitali. Alikuwa amepanda pikipiki kutoka Ubungo baada ya kuliacha lori, hajala tangu jana yake kwa sababu alidhani kipimo kikubwa namna hii lazima kitake tumbo tupu. Nesi alimwambia kwa kipimo hiki mtu anaweza kula. Akasema, "Basi chukua kwanza, nitakula baadaye." Majibu yake tunayasubiri.

Nikiwa na karatasi yangu mkononi nilirudi kwenye dirisha la bima. Fomu ileile, kisanduku kilekile. Safari hii niliandika BRCA1, nikabandika majibu. Kwa mara ya kwanza kadi yangu iliitikia: wakaidhinisha ultrasaundi ya matiti mara moja kwa mwaka. MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, ambayo daktari aliiomba kwa sababu huona mapema zaidi kwa watu kama mimi, waliikataa kwa maneno kwamba uchunguzi wa kinga haumo kwenye mkataba. Nimekata rufaa kupitia ofisa rasilimali watu wa ofisini. Mume wangu ana hofu: sasa wameshajua, mkataba ukihuishwa je? Wamarekani walitunga sheria mwaka 2008 ya kuzuia bima ya afya na mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya vinasaba vyake, na hata sheria hiyo haikugusa bima ya maisha. Hofu ya mume wangu ni ya haki. Nilimwambia kwamba kati ya bima kujua na mimi kutojua, nimeshachagua.

Tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, na wakati wa kujaza yaliyomo kwenye vitita ni sasa. Sidai kila Mtanzania apimwe jeni. Ingekuwa kupoteza fedha, na saratani nyingi hazitaonekana humo. Ninachodai ni kidogo. Fomu iwe na mstari wa historia ya familia, na mstari huo uwe na nguvu kama ule wa dalili. Mgonjwa wa kwanza katika ukoo unaotia shaka, daktari akiandika, alipiwe kipimo kamili hata kama hakuwa na kadi hapo kabla, kwa sababu majibu yake yatawahudumia wenye kadi pia. Ndugu zake walipiwe ile sehemu moja. Nimefanya hesabu hii kama mhasibu: milioni moja na elfu hamsini upande huu, milioni kumi na moja na daftari lililoachwa wazi upande ule. Kampuni yoyote ingeona.

Jumamosi iliyopita dada alinipitia, ameanza kuota nywele, akaniomba tutoke kidogo. Tulikwenda Mbagala Rangi Tatu kwenye kibanda cha stationari. Akatoa majibu yake kwenye mkoba. Yameandikwa kwa Kiingereza, na alikuwa amenituma wiki nzima nimwandikie kwa Kiswahili nyuma ya karatasi, kwa herufi kubwa, kwamba ugonjwa huu unazaliwa nao, kwamba unatoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, kwamba hakuna mtu anayeweza kumtupia mwenzake. Mama mdogo wa Tanga ameshaambiwa kwamba tutapita kwake tukielekea Pangani. Alinyamaza kwenye simu muda mrefu, kisha akauliza tutafika lini.

Kijana akatoa kopi mbele na nyuma, mia mbili. Dada akaishika, akaigeuza, akamrudishia.

"Ilaminishe," akamwambia. "Kule anakokaa kuna unyevu wa bahari."

Kulaminisha ni elfu moja. Alikataa nilipe mimi.